Kusoma Alama za Kifaru Kabla ya Kubandika Stika

Ukisimama steji ya mabasi hapa Kisumu, huhitaji kumuuliza mtu gari fulani ni la nani. Mstari wa manjano ubavuni unakwambia ni gari la abiria. Jina la sacco liko palepale, njia imeandikwa mbele: Kakamega, Busia, Kisii. Mlangoni pana idadi ya abiria. Halafu kuna nambari ya usajili, ambayo hakuna gari jingine linayo. Kila maandishi yanajibu swali lake, wala hakuna lililowekwa kwa urembo.

Kifaru cha vita husomwa vivyo hivyo, na anayeunda modeli asipojua hilo atabandika stika nzuri mahali pasipo pake. Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Sherman yangu ya kwanza, kifaru cha Kimarekani, niliipaka rangi ya vumbi la jangwa, iwe ya vita vya El Alamein kule Misri, Oktoba 1942. Kisha nikabandika kila stika niliyoikuta kwenye karatasi ya boksi: nyota nyeupe ndani ya duara, na fahali mweusi anayeshambulia kwenye mstatili wa manjano. Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu jeshini, alikuja nyumbani, akaishika kiganjani, akaizungusha polepole.

“Kijana wangu,” akasema, “huyu fahali alifikaje jangwani?”

Nikamjibu nilimkuta kwenye boksi, shikamoo nyingine ikiwa bado mdomoni.

“Boksi si shahidi. Tafuta picha.”

Nilitafuta. Fahali ni nembo ya Divisheni ya 11 ya Vifaru ya Uingereza, ambayo haikupigana Afrika kabisa. Iliingia vitani Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Nyota nayo Waingereza waliichukua kuanzia 1943. Modeli moja ilikuwa imebeba miaka ambayo haikukutana. Nilizibandua stika zote usiku uleule, na tangu hapo nafuata mpangilio ufuatao, nikianza na picha na kumalizia na vanishi.

Hatua ya kwanza: picha moja, mahali pamoja, tarehe moja

Usianze na kifaru, anza na picha. Chagua gari moja halisi lililopigwa picha, kisha ujue lilikuwa wapi na lini. “Tiger ya Ujerumani” haitoshi. “Tiger iliyokuwa Tunisia, Aprili 1943” inatosha kuanzia. Makumbusho ya vita ya Uingereza, Imperial War Museums, yana picha nyingi mtandaoni, na vilevile hifadhi ya taifa ya Marekani na Bundesarchiv ya Ujerumani. Maelezo yaliyoandikwa chini ya picha mara nyingi yana siku, mji na hata jina la kikosi. Yanakili kabla ya kuipakua picha, maana picha ikishasambaa kwenye simu maelezo hupotea.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza, vifaru vya makumbusho hupakwa upya, na huenda aliyepaka alikuwa na picha mbaya kuliko yako. La pili, wakaguzi wa wakati wa vita walikwangua nembo za vikosi kwenye picha kabla hazijachapishwa gazetini, ili adui asijue nani yuko wapi. Ukiona doa jeupe au jeusi pale nembo ilipostahili kuwa, usidhani gari halikuwa nayo.

Kwa anayetaka kuunda magari ya jeshi letu hapa Kenya: usiende na simu kwenye lango la kambi ya Lanet pale Nakuru, wala kambi nyingine yoyote. Hayo ni maeneo yanayolindwa kisheria. Subiri gwaride la sikukuu ya kitaifa, ambapo kila mtu anaruhusiwa kutazama. Mwaka 2021 Madaraka iliadhimishwa hapa kwetu, uwanja wa Mamboleo, na walioenda walijionea jeshi kwa macho bila hofu ya kuulizwa swali.

Hatua ya pili: alama ya taifa

Hii ndiyo kubwa na ndiyo rahisi, lakini hubadilika haraka kuliko watu wanavyofikiri. Sababu ni kwamba inamsaidia rafiki kukutambua na adui kukulenga kwa wakati mmoja.

Wajerumani walipoingia Poland Septemba 1939, vifaru vyao vilikuwa na msalaba mweupe mzima, mnene. Wapiganaji wa Poland waliutumia kama shabaha. Wahudumu wa vifaru wakaanza kuupaka matope, wengine wakaufunika katikati kwa rangi, na baadaye msalaba ukawa wa mistari ya pembeni tu. Kwa hiyo msalaba mweupe mnene kwenye modeli ya 1943 ni kosa, na msalaba safi usioguswa kwenye modeli ya Poland ni wa siku za mwanzo tu. Nyota ya Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, ilipata mkasa huohuo: wahudumu wengi wa Marekani waliipaka matope au rangi mwaka 1944, hasa iliyokuwa mbele. Ile ya juu, ambayo rubani wa kwao aliitegemea, waliiacha.

Tangu vita vya kwanza vya dunia jambo ni lilelile. Mwaka 1918 Waingereza walipaka mistari ya nyeupe, nyekundu na nyeupe kwenye vifaru vyao kwa sababu Wajerumani walikuwa wakitumia vifaru vya Uingereza walivyoviteka. Warusi walipoingia Berlin Aprili 1945 walizungusha mstari mweupe kwenye tareti, yaani kile kichwa kinachozunguka kikiwa kimebeba mzinga. Walipoingia Chekoslovakia mwaka 1968 walipaka tena mistari mieupe. Majeshi ya muungano kwenye vita vya Ghuba vya 1991 yalitumia V iliyopinduliwa. Mwaka 2022 magari ya Urusi yaliingia Ukraine na herufi Z, V na O. Zote hizi ni alama za muda, na hapo ndipo zinapokusaidia: ukiiona moja, unajua mwaka hata kama maelezo ya picha yamepotea.

Hatua ya tatu: ni kikosi gani

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo utamu ulipo, na mfumo wa Waingereza wa 1944 ndio mzuri zaidi kujifunzia. Kila sehemu yake ina kanuni. Kumbuka tu kwamba divisheni ina brigedi ndani yake, brigedi ina rejimenti, na rejimenti ina skwadroni.

Tazama mbele ya kifaru, kwenye madigadi au bamba la chini. Utakuta vitu viwili vidogo, kila kimoja upande wake, na mara nyingi vinarudiwa nyuma. Kimoja ni nembo ya divisheni: fahali niliyekwisha kumtaja, panya wa jangwani mwekundu wa Divisheni ya 7, jicho lililo wazi la divisheni ya Guards. Kingine ni mraba wenye nambari. Mraba huo unasema gari ni la tawi gani ndani ya divisheni. Kwa rejimenti tatu za vifaru za divisheni mraba ni mwekundu, na nambari ni 51 kwa rejimenti kongwe, 52 kwa ya pili, 53 kwa changa.

Sasa panda macho kwenye tareti. Utaona umbo: almasi ni makao makuu ya rejimenti, pembetatu ni skwadroni A, mraba ni skwadroni B, duara ni skwadroni C. Rangi ya umbo inarudia habari ya ukongwe: nyekundu kwa rejimenti kongwe, manjano kwa ya pili, buluu kwa ya tatu.

Chukua picha na uisome kwa sauti, kama unavyosoma matatu: fahali mweusi, mraba mwekundu wenye 52, mraba wa manjano kwenye tareti. Hii ni Divisheni ya 11, rejimenti ya pili ya brigedi yake ya vifaru, skwadroni B. Angalia jinsi 52 na manjano zinavyothibitishana. Ukikuta stika za boksi zina 51 pamoja na duara la buluu, simama. Huenda rejimenti hiyo haikufuata kanuni, zipo zilizofanya hivyo, lakini mara nyingi zaidi aliyechora stika alichanganya magari mawili. Picha ndiyo itakayoamua.

Kuna pia duara la manjano lenye nambari nyeusi, ambalo wengi hulidhania kuwa la kikosi. Hilo ni daraja la uzito. Ni sawa na maandishi ya uzito tunayoyaona kwenye milango ya malori barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Askari anayelinda daraja alilinganisha nambari hiyo na bango la daraja, akamruhusu dereva apite au akamrudisha. Churchill, kifaru kizito cha Waingereza, ilibeba 40. Sherman nyingi zilibeba 30. Ukibandika 40 kwenye gari dogo la upelelezi umelifanya zito kama kifaru.

Niruhusiwe kusema jambo la kwetu. Sisi tunamwita mnyama na mtambo kwa jina moja, na Divisheni ya 1 ya Vifaru ya Uingereza ilikuwa na nembo ya kifaru mweupe, mnyama, kwenye duara jeusi lililorefuka. Kifaru juu ya kifaru. Tena Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na wanaume wetu wa King's African Rifles na iliyopita Bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, ilibeba kichwa cha kifaru kama nembo. Ninaloliunda mezani sasa ni lori la divisheni hiyo. Magari yake hayakuwa na umaarufu wa Sherman, na boksi lenye stika zake sijaliona, kwa hiyo nachora kwa mkono.

Wamarekani waliandika kikosi kwa tarakimu na herufi kwenye bampa au bamba la mbele, na husomwa kutoka kushoto kwako unapolitazama gari. Tuseme umeona 3, pembetatu ndogo, 33, pembetatu tena, kisha C na 14. Hiyo ni Divisheni ya 3 ya Vifaru, Rejimenti ya 33 ya Vifaru, kombania C, gari la 14. Pembetatu inamaanisha kikosi cha vifaru.

Warusi hawakuwa na mfumo mmoja kwa jeshi zima. Kila brigedi au kikosi kikubwa kilijipangia nambari na maumbo yake, kwa hiyo usijaribu kuitafsiri nambari ya T-34 kwa kanuni ya jumla. Iga picha ilivyo, basi.

Hatua ya nne: nambari ya tareti ya Wajerumani

Tarakimu tatu, maana tatu zilizo wazi: ya kwanza kombania, ya pili platuni (kundi dogo ndani ya kombania), ya tatu gari ndani ya platuni. Tiger maarufu iliyoko makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, ilitekwa Tunisia Aprili 1943 ikiwa na 131. Kombania ya 1, platuni ya 3, gari la 1. Kwa kuwa ni gari la kwanza la platuni, ni la kamanda wa platuni. Nambari zake ni nyekundu zenye ukingo mweupe.

Sifuri ikiwa katikati, ni gari la makao ya kombania: 201 ni kamanda wa kombania ya 2. Herufi R mbele, kama R01, ni rejimenti. I01 na II01, zikiandikwa kwa tarakimu za Kirumi, ni makamanda wa kikosi cha kwanza na cha pili cha rejimenti. Hapo utaelewa kwa nini usichague 131 kwa vifaru vitatu unavyoviweka kwenye mandhari moja. Kikosi kimoja hakiwi na 131 mbili. Kama unaunda platuni, ziwe 131, 132, 133, na kuendelea.

Si wote waliofuata. Baadhi ya vikosi vya Afrika Kaskazini viliandika tarakimu moja tu ya kombania. Ukiona 4 pekee kwenye kifaru cha jangwani, usiongeze mbili nyingine kwa kuona upungufu. Ukikuta umbo la almasi lililolala na herufi au nambari pembeni, hiyo ni alama ya Wajerumani ya kikosi cha vifaru, si ya skwadroni kama kwa Waingereza. Umbo ni lilelile, maana mbili. Ndiyo maana hatua ya pili haiwezi kurukwa.

Hatua ya tano: jina na usajili

Jina la kifaru lina kanuni zaidi kuliko linavyoonekana. Katika vikosi vingi vya Marekani, jina lilianza na herufi ya kombania. Cobra King, kilichoingia cha kwanza Bastogne, mji wa Ubelgiji uliokuwa umezingirwa, tarehe 26 Desemba 1944, kilikuwa cha kombania C ya kikosi cha 37 cha vifaru, Divisheni ya 4. Ukibuni jina la kifaru cha kombania B, lianze na B.

Nambari ya usajili inaonyesha aina ya gari. Ya Waingereza huanza na T kwa vifaru, F kwa magari ya deraya ya magurudumu, L kwa malori. Ya Marekani huanza na 30 kwa vifaru na 40 kwa yale magari yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma. Mwanzoni Wamarekani waliandika usajili kwa rangi ya samawati iliyofifia juu ya kijani, ambayo kwenye picha karibu haionekani. Usiseme gari halikuwa nayo. Tazama tena ukiwa umeongeza mwangaza wa skrini.

Hatua ya sita: rangi kwenye picha isiyo na rangi

Filamu za zamani zilikuwa za namna mbili. Aina moja haikuiona nyekundu, kwa hiyo nyekundu ilitoka nyeusi kabisa, huku buluu ikitoka nyeupe nyeupe. Nyingine iliona rangi zote kwa kadiri ya mwangaza wake. Ndiyo maana nambari nyekundu ya Tiger inaweza kuonekana nyeusi, na duara la buluu likaonekana limefifia. Njia yangu ni kutafuta kitu ninachokijua rangi yake ndani ya picha hiyohiyo: bendera, msalaba mwekundu wa gari la wagonjwa, nyasi. Nikishajua kitu hicho kimetokaje, najua filamu ilikuwa ya namna gani, kisha ndipo naihukumu nambari. Bila hivyo ni kubahatisha.

Hatua ya saba: kupima

Gurudumu ndilo rula yako. Gurudumu la Tiger lina kipenyo cha sentimita 80, la T-34 sentimita 83. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni kabisa, si ya mshazari, kwa sababu mshazari hufupisha vitu. Pima gurudumu kwenye picha, kisha upime urefu wa nambari. Tuseme gurudumu la Tiger limetoka milimita 32 na nambari milimita 20. Gawanya 20 kwa 32, zidisha kwa 80: nambari halisi ni sentimita 50. Kwa skeli ya 1/35, gawanya milimita 500 kwa 35, unapata kama milimita 14. Kwa 1/72 ni karibu milimita 7. Stika za boksi zikizidi hapo kwa milimita mbili, usizitumie. Milimita mbili kwenye 1/35 ni sentimita saba kwenye kifaru chenyewe, na jicho litaziona hata kama mtazamaji hajui kinachomsumbua.

Hatua ya nane: kuiweka alama

Kwa nambari kubwa napendelea kupaka kwa stensili. Mwenyewe natumia plastiki nyororo ya kufunikia vitabu vya shule, iliyokatwa kwa wembe mpya. Weka rangi kidogo sana kwenye sponji, gusagusa, usisugue. Askari wengi walipaka kwa mkono au kwa stensili za mabati, kwa hiyo kingo zisizonyooka sana hazidhuru.

Ukichapisha stika zako saiba, kumbuka printa ya kawaida haitoi rangi nyeupe. Stika nyeupe utaipata kwa karatasi yenye sehemu ya chini nyeupe, au kwa stensili. Wino wa printa ya maji utayeyuka ukitumbukiza, hivyo puliza vanishi juu yake kwanza na uiache ikauke.

Kabla ya stika ya maji, paka modeli vanishi ya kung'aa. Rangi kavu isiyong'aa ina mashimo madogo, hewa hubaki chini ya stika, na ikikauka inaonekana kama filamu ya fedha. Tumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu, subiri iteleze yenyewe, isukume kwa brashi. Tone la siki nyeupe juu yake huilainisha ikakaa kwenye mikunjo ya bamba na misumari.

Halafu vanishi isiyong'aa ya mwisho. Hapa Kisumu nimejifunza kuipuliza asubuhi, saa nne hivi, jua likiwa limekausha hewa. Ukipuliza jioni baada ya mvua, unyevu wa ziwa unaingia kwenye vanishi nayo inageuka ukungu mweupe juu ya kazi yako yote.

Vumbi na matope vije baada ya vanishi hiyo, juu ya alama, isipokuwa zile zilizopakwa upya kambini siku chache kabla ya shambulio, kama V za Ghuba. Hizo zinabaki safi huku mabamba yanayozizunguka yamechakaa. Kisha pindua modeli, na kwa kalamu nyembamba uandike chini ya bodi: kikosi, mahali, tarehe ya picha.